Alan Turing: Mtu Aliyeuliza Kama Mashine Yaweza Kufikiri

Leo tunapenda kuwaletea wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu walio katika Jeshi na Polisi, maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa kila panapozungumzwa habari za mitambo yenye akili. Mtu huyo ni Alan Mathison Turing, Mwingereza, bingwa wa hesabu, aliyefariki dunia mwaka 1954 akiwa na umri wa miaka 41. Hakuwa jemadari, wala hakupata kufika mstari wa mbele. Hata hivyo, wanahistoria wengi wa Vita Kuu ya Pili humhesabu miongoni mwa watu walioifupisha vita ile.

Hatumkumbuki leo kwa ajili ya historia tupu. Askari wa siku hizi hapa Kampala hukabidhiwa vyombo ambavyo baba yake hakupata hata kuviota: kamera zinazotambua nyuso, na kompyuta zinazopekua maelfu ya kumbukumbu kwa dakika chache. Huambiwa kwamba vyombo hivyo vina akili. Ni haki yake kuuliza akili hiyo ni ya namna gani, na yafaa kuaminiwa kwa kadiri gani. Swali hilo Turing aliliuliza kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na maisha yake yanatusaidia kulijibu.

UTOTO NA MASOMO

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, na kwa sababu hiyo Alan na kaka yake waliachwa Uingereza mikononi mwa kanali mstaafu na mkewe. Alikua akiwaona wazazi wake kwa nadra.

Mei 1926, akiwa na umri wa miaka 13, alitakiwa kuripoti katika shule ya bweni ya Sherborne. Alipoteremka melini katika bandari ya Southampton alikuta mgomo mkuu wa wafanyakazi umeanza, na treni haziendi. Kijana hakungoja. Alipanda baiskeli yake, akasafiri peke yake mwendo wa kilomita zipatazo 100, akalala njiani usiku mmoja, akafika shuleni. Tabia hiyo ya kuitafutia kila shida njia yake mwenyewe haikumtoka maisha yake yote.

Shuleni alikuwa na rafiki mpenda sayansi aliyeitwa Christopher Morcom. Februari 1930 Morcom alifariki kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Msiba huo ulimwachia Turing swali zito: akili ya mtu inakaaje mwilini, na je, yaweza kukaa katika kitu kingine kisichokuwa mwili wa binadamu? Tunaweza kusema kwamba kazi yake yote ya baadaye ilikuwa safari ya kulitafuta jibu la swali hilo.

Mwaka 1931 aliingia Chuo cha King's, Cambridge, na mwaka 1935, akiwa na miaka 22 tu, alichaguliwa kuwa mmoja wa wanazuoni wa chuo hicho. Mwaka 1936 aliandika makala iliyobadili ulimwengu. Alitaka kujua ni hesabu zipi zinazoweza kufanywa kwa kufuata amri hatua kwa hatua, bila kubahatisha. Msomaji na amfikirie karani wa stoo ya jeshi. Anasoma alama moja katika daftari, anatazama amri inasema nini juu ya alama hiyo, anaifuta au anaandika nyingine, kisha anasogea mstari unaofuata. Turing alionyesha kwamba mashine inayoweza kufanya mambo hayo machache yaweza kufanya hesabu yoyote inayofanyika kwa kanuni. Tena alionyesha kwamba mashine moja, ikipewa amri za mashine nyingine yoyote kwa maandishi, yaweza kuifanya kazi ya hiyo nyingine. Ndiyo sababu simu ya mkononi leo huwa saa, kamera, redio na daftari la hesabu kwa wakati mmoja: chombo ni kile kile, zilizobadilika ni amri.

Lakini katika makala ile ile alithibitisha jambo jingine ambalo aghalabu husahauliwa. Yako maswali ambayo hakuna mashine ya namna hiyo itakayoweza kuyajibu kamwe, hata ikipewa muda usio na mwisho. Basi mtu aliyetupa wazo la kompyuta ndiye yule yule aliyeiwekea mpaka.

KATIKA VITA YA MAFUMBO

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, Turing aliripoti siku ya pili yake, tarehe 4, huko Bletchley Park, kiasi cha kilomita 80 kutoka London. Kazi ya kituo hicho ilikuwa kufumbua maandishi ya siri ya adui. Wajerumani walitumia mtambo ulioitwa Enigma, uliofanana na taipureta, ambao ulibadili kila herufi kwa magurudumu yaliyozunguka. Idadi ya njia za kuupanga mtambo wa kawaida wa jeshi ilikuwa namba yenye tarakimu 21, na mpango ulibadilishwa kila siku.

Yatupasa kusema ukweli hapa: wa kwanza kuupasua ukuta huo walikuwa Wapoland. Marian Rejewski, na wenzake Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, walianza kuyasoma mafumbo ya Enigma tangu miaka ya mwanzo ya 1930, na Julai 1939 walikabidhi siri yao kwa Waingereza na Wafaransa. Wajerumani walipozidisha ugumu wa mtambo wao, ndipo ilipohitajika njia mpya.

Njia ya Turing ilianza na udhaifu wa askari wa adui. Opereta wa redio wa Kijerumani alikuwa na mazoea: taarifa za hali ya hewa zilitumwa saa zile zile, na vyeo vya wakubwa viliandikwa kwa namna ile ile. Mtu aliyeyajua mazoea hayo aliweza kubuni baadhi ya maneno yaliyomo ndani ya fumbo. Baada ya hapo kazi ilikabidhiwa mashine kubwa iliyoitwa Bombe, ambayo ilianza kazi Machi 1940 na kuboreshwa kwa wazo la Gordon Welchman. Bombe ilipitia mpango mmoja baada ya mwingine, ikiitupa kila iliyopingana na maneno yaliyobuniwa. Hadi mwisho wa vita zilikuwapo zaidi ya 200 nchini Uingereza, nyingi zikiendeshwa na wanawake wa Jeshi la Majini.

Tunaomba msomaji aliweke moyoni jambo lifuatalo. Bombe haikupata kusema kwamba mpango fulani ndio wenyewe. Ilisimama tu, pale ambapo haikuona kupingana. Mara nyingi ilisimama bure. Kila iliposimama, mtu alichukua matokeo yake, akayajaribu katika mtambo mwingine, na neno la Kijerumani lenye maana lilipotokea ndipo fumbo lilipohesabiwa kuwa limefumbuliwa. Mashine ilipunguza kazi ya karne ikawa ya saa chache, lakini kuamua kulibaki kwa binadamu.

Wala akili peke yake haikutosha. Mafumbo ya manowari za Kijerumani zilizozamisha meli katika Bahari ya Atlantiki yalikuwa magumu kupita yote, na Turing aliyachukua wakati ambapo wengi walidhani hayafumbuliki. Ili kuyafumbua zilihitajika pia nyaraka zilizotekwa baharini. Oktoba 1942 Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier walizama pamoja na manowari U-559 katika Bahari ya Mediterania, baada ya kutoa ndani yake vitabu vya siri. Wenye hesabu walikamilisha kazi iliyoanzishwa kwa damu ya mabaharia.

Wenzake walikuwa na visa vingi vya tabia zake. Walisimulia kwamba alijiunga na askari wa mgambo ili ajifunze kulenga shabaha. Alipokwisha kuwa mlengaji hodari, aliacha kuhudhuria gwaride. Alipoitwa kujieleza, aliwaonyesha wakubwa fomu yake mwenyewe: palipoulizwa kama anaelewa kwamba atakuwa chini ya sheria za kijeshi, alikuwa amejibu kuwa haelewi, na fomu ikapokelewa hivyo hivyo. Tunakisimulia kisa hiki bila kumshauri askari yeyote akiige.

KUTOKA BLETCHLEY HADI KILINDINI

Pengine msomaji atadhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya Ulaya tu. Sivyo. Aprili 1942 Wajapani waliushambulia mji wa Colombo kwa ndege, na kituo cha Waingereza cha kufumbua mafumbo ya Kijapani kikahamishiwa Mombasa. Kilifanya kazi Kilindini, katika jengo la shule inayobeba jina la Allidina Visram, yule tajiri ambaye maduka yake yalijulikana sana hapa Kampala mwanzoni mwa karne iliyopita. Turing mwenyewe hakufika huko, lakini kazi ilikuwa ya ukoo mmoja na ya Bletchley. Novemba 1942 wataalamu wa Kilindini walizifumbua ishara za meli za mizigo za Kijapani. Waliweza kwa kuwa opereta wa adui alikosea: alituma ujumbe ule ule mara mbili, mara ya pili akiwa ameuongezea habari. Mwaka 1943 kituo kilirudishwa Colombo.

Bahari hiyo ndiyo waliyoivuka askari wa King's African Rifles, wakiwemo wa Uganda, kwenda kupigana Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, na watu wapatao 1,300 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tunawataja kwa heshima, na pia ili isidhaniwe kwamba kusoma siri za adui kulimlinda kila mtu.

AKILI NI NINI?

Vita vilipokwisha, Turing alibuni ramani ya kompyuta katika maabara ya taifa ya Uingereza, kisha mwaka 1948 akahamia Chuo Kikuu cha Manchester. Katika miaka hiyo alikuwa pia mkimbiaji hodari: mwaka 1947 alimaliza mbio za marathoni kwa saa 2 na dakika 46.

Mwaka 1950 aliandika makala juu ya mashine na akili katika jarida la falsafa liitwalo Mind. Aliona kwamba watu wakibishana juu ya maana ya kufikiri hawatafika popote. Badala yake alipendekeza jaribio. Mwulizaji akae chumba kimoja, mtu na mashine wakae vyumba vingine, na wote wajibu maswali kwa maandishi. Ikiwa mwulizaji atashindwa kupambanua yupi mtu na ipi mashine, tutaikatalia kwa haki gani mashine sifa ya akili? Kwa maneno mengine, akili na ipimwe kwa matendo, kama vile sisi tunavyompima kuruta kwa kazi yake kuliko sura yake au kabila lake.

Aliuliza pia mashine itaipataje akili. Jibu lake lilikuwa kwamba ni rahisi zaidi kutengeneza mfano wa akili ya mtoto, kisha kuufundisha, kuliko kutengeneza akili ya mtu mzima kwa mara moja. Hapo ndipo zilipoonekana njia mbili ambazo watafiti wamezifuata hadi leo. Tuchukue mfano wa omweso, mchezo wetu wenye mashimo 32 na kete 64. Njia ya kwanza ni kuiandikia mashine kanuni zote za mchezo na hekima ya wazee wanaoujua, ili izifuate. Njia ya pili ni kuiacha icheze au itazame maelfu ya michezo, ikisahihishwa inapokosea, hata ijitengenezee ujuzi wake.

Turing aliijaribu njia ya kwanza kwa mchezo wa sataranji. Pamoja na rafiki yake David Champernowne aliandika kanuni za kucheza, na kwa kuwa hapakuwa na kompyuta ya kuziendesha, mwaka 1952 alizifuata mwenyewe kwa kalamu na karatasi, kila hatua ikichukua kama nusu saa. Kanuni zake zilishindwa mchezo huo. Miaka 45 baadaye, mwaka 1997, kompyuta ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov.

Lakini je, wepesi wa kuhesabu ndio akili? Mwaka 1974 mtafiti Mallory Wober alichapisha uchunguzi wake juu ya neno obugezi kama linavyoeleweka na Waganda. Alikuta kwamba wanakijiji walifungamanisha obugezi na utulivu, uangalifu na mwendo wa taratibu, ilhali watu wa elimu ya kisasa waliuthamini zaidi wepesi. Twaona basi kwamba mashine yenye kasi kubwa inaweza kumshinda msomi kwa kipimo cha shule, na bado ikashindwa kwa kipimo cha mzee wa Buganda.

MWISHO WENYE HUZUNI

Januari 1952 nyumba ya Turing iliingiwa na mwizi, naye akapiga ripoti polisi kama mlalamikaji. Katika kuhojiwa alieleza bila kuficha kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, jambo ambalo sheria ya Uingereza ya wakati ule ililihesabu kuwa jinai. Mlalamikaji akawa mshitakiwa. Tarehe 31 Machi alikiri, na badala ya kifungo akakubali kutiwa dawa za homoni kwa mwaka mmoja. Ruhusa yake ya kufanya kazi za siri za serikali iliondolewa. Tarehe 7 Juni 1954 alikufa nyumbani kwake Wilmslow kwa sumu ya sianidi. Uchunguzi wa kisheria uliamua kwamba alijiua, ingawa mama yake aliamini ilikuwa ajali.

Askari waliomhoji hawakuwa na njia ya kujua ni nani aliyekaa mbele yao, kwa maana habari za Bletchley zilibaki siri hadi miaka ya 1970. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa jinsi alivyotendewa, mwaka 2013 Malkia alimpa msamaha, na mwaka 2021 picha yake iliwekwa katika noti ya pauni 50. Heshima hizo zote zilimkuta kaburini.

ALIYOTUACHIA

Miaka miwili baada ya kifo chake, John McCarthy na wenzake walikutana Marekani na kuipa elimu hii jina la akili bandia. Kwa muda mrefu njia ya kanuni ndiyo iliyotangulia. Lakini mashine zilizojazwa kanuni zilishindwa na mambo ambayo mtoto huyafanya bila taabu, kama kuutambua uso wa mama yake. Katika karne hii njia ya kufundisha, ile ya mtoto wa Turing, imeshika usukani. Mwishoni mwa mwaka 2022 zilienea kompyuta zinazozungumza na watu kwa maandishi hata wengi wasipambanue. Wataalamu bado wanabishana kama huko ni kuelewa au ni kuiga tu.

Hapa kwetu, watafiti wa akili bandia wa Chuo Kikuu cha Makerere wameifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo, kama vile batobato na michirizi ya kahawia, kwa picha za majani zinazopigwa kwa simu. Kompyuta haikuandikiwa ugonjwa ni nini. Ilionyeshwa majani mengi yaliyokwisha tambuliwa na wataalamu, ikajifunza.

Hapo pana nguvu yake na pana udhaifu wake, kwani mashine ya namna hiyo hujua kile ilichoonyeshwa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, huyu wa pili mzaliwa wa Addis Ababa, walizipima programu za makampuni makubwa zinazokisia kama uso ni wa mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi, programu moja ilikosea kwa kiasi cha asilimia 34.

Askari wa Kampala na ayatafakari hayo. Kamera za Polisi zilianza kuenea katika barabara za mji huu mwaka 2018, na mwaka uliofuata Polisi walithibitisha kwamba mfumo huo una uwezo wa kutambua nyuso. Ni chombo chenye manufaa makubwa katika kuwasaka wahalifu. Lakini mashine inapotoa jina la mtu, imefanya kile ilichokifanya Bombe: imesimama. Haijahukumu. Bado yupo askari anayepaswa kuuliza mtu huyo alikuwa wapi, nani alimwona, na ushahidi mwingine unasema nini. Akikosea, mashine haitapanda kizimbani kujibu, wala haitaomba radhi baada ya miaka 57. Atakayejibu ni yeye.

Turing alituonyesha kwamba yapo mengi katika akili yanayoweza kukabidhiwa mashine, na kila mwaka yanaongezeka. Hatuna sababu ya kuliogopa jambo hilo, wala kulikataa. Linalotupasa ni kujifunza kuzitumia mashine hizo kama walivyozitumia wale wa Bletchley: kwa kuzipa kazi ya kutafuta, na kubaki na kazi ya kuhakikisha. Kasi na iwe ya mashine. Uangalifu, ule ambao wazee wetu waliuita obugezi, na ubaki kwa askari.